Geti la Baba na Mashine Yangu ya Kwanza

Jumamosi, 7 Juni

Nimefagia uwanja. Nimempa Baba uji. Kanywa nusu, nusu kawamwagia kuku. Halafu nikaenda mjini kuangalia mashine za kuchomelea, kama jana. Shule imefungwa na sina kisingizio kingine cha kutoka nyumbani.

Zipo za aina mbili. Ile ya kusuka, mafundi wa hapa wanaitengeneza wenyewe: boksi la bati nene, koili ya shaba ndani, kuibeba ni kazi ya watu wawili. Na inveta ya dukani, ndogo kama redio, ina mkanda wa kuning'iniza begani. Bei hazipishani sana. Nimesimama kati ya hizo mbili mpaka muuza duka akaacha kuniangalia.

Nimetaka kuchomelea tangu tuhamie nyumba hii. Si kwa biashara. Stuli, jiko la mkaa, stendi ya maua ya mke wangu Sabina. Mwalimu wa jiografia jioni hana cha kushika mikononi isipokuwa madaftari ya watu.

Sasa ipo na sababu nyingine. Ukuta wetu una uwazi upande wa barabara, tumeuziba kwa fito na waya. Baba anafungua waya. Jana tena kafika stesheni. Kamwambia mlinzi anasubiri treni ya kwenda Ugalla, mizinga yake imejaa. Hana mizinga. Aliacha kurina asali kabla Mama hajafariki.

Sabina anasema fundi Kulwa atutengenezee geti, yaishe. Nimesema nitatengeneza mwenyewe. Akarudi kwenye cherehani yake.

Jumatatu, 9 Juni

Kwa Kulwa, karakana yake nyuma ya soko. Kaniruhusu kujaribu. Kijiti cha kuchomelea kiling'ang'ania kwenye chuma, nikakivuta, kikang'ang'ania tena. Wateja wakacheka. Nami nikacheka, ila sikufurahi.

Kulwa hana shaka hata kidogo.

"Ticha, chukua ya kusuka. Hiyo unamwachia mjukuu. Za dukani zikiingia vumbi zimekufa."

Muuza duka naye hana shaka. Inveta inavumilia umeme mdogo, anasema. Ya kusuka inakula umeme wa mtaa mzima.

Kila mtu anasifia cha kwake. Nimerudi mikono mitupu. Baba kanipokea mlangoni, kaniita Fabiani. Fabiani alikuwa mdogo wake, walikuwa wakiingia msituni pamoja. Amekufa zamani. Kaniuliza kama kamba nimeleta. Nikasema nimeleta. Ni rahisi zaidi kusema hivyo.

Alhamisi, 12 Juni

Baba katoka tena. Nilikuwa chumbani na simu, nasoma habari za mashine. Sabina kamkuta kwenye kituo cha mafuta, anawaeleza vijana wa bodaboda namna ya kuwafukiza nyuki. Walikuwa wanamsikiliza vizuri. Nashukuru kwa hilo.

Mchana Sabina akafunga mlango wa chumba cha Baba kwa kanga, kwa nje, apate kushona. Baba akagonga. Hakupiga kelele. Aligonga taratibu, kama mgeni. Nilifungua. Tukagombana, mimi na Sabina, kwa sauti ya chini ili asisikie.

Anasema mimi ndiye nampenda Baba na yeye ndiye anamlinda. Ni kweli.

Jumapili, 15 Juni

Misa ya kwanza. Baba ameimba zaburi yote bila kukosea. Jina langu hajui.

Nimeamua. Ya kusuka. Kulwa anayo moja ya mkono wa pili, imepakwa rangi upya. Nitaichukua kesho.

Nijiambie ukweli hapa, maana hakuna mwingine anayesoma. Sikuichagua kwa sababu ni bora. Nimeichagua kwa sababu inafanana na mashine. Ile ndogo ningeona aibu kuitoa nje majirani wakiona.

Jumanne, 17 Juni

Aibu tupu.

Mashine imeletwa na mkokoteni. Nimeiweka chini ya kibaraza. Nimepanga mabomba ya mraba chini, nimeyapima, nimeyakata vizuri kabisa. Sabina alitoka kuangalia. Baba naye aliletewa kiti. Nikawasha. Taa zikafifia, swichi kubwa ya umeme ikajizima. Nikairudisha. Ikajizima. Nikaongeza moto kidogo badala ya kupunguza, sijui nilifikiri nini, na jirani yetu Mama Zawadi akaja mbio kuuliza kama ni mimi, friji lake limezimika.

Hata hivyo niliendelea kidogo kidogo. Mwali ulipowaka, nilikuwa nachungulia pembeni ya kofia ya kuchomelea nione kijiti kimegusa wapi. Nimeunga kona moja. Nilipoiinua ikaachia.

Baba alisema, "Fabiani, hiyo haitashika." Akaingia ndani.

Jumatano, 18 Juni

Macho, kwa ule mwanga wa jana. Kama yamejaa mchanga wa moto. Sabina ameniwekea vipande vya viazi mviringo juu ya kope. Naandika kwa jicho moja. Yatosha.

Alhamisi, 19 Juni

Macho yamepoa. Kulwa kakubali kuipokea tena mashine yake, kwa shingo upande. Anasema kosa ni la umeme wa nyumba, si la mashine. Sawa. Nyumba ndiyo niliyo nayo. Hilo nilipaswa kulifikiria kwanza.

Kwa hiyo nitachukua inveta. Jumamosi.

Sabina kaomba tena. Kulwa aje na vifaa vyake, mabomba tayari yamekatwa, ni kazi ya mchana mmoja. Aliomba kweli, alikaa kitandani akanishika mkono. Nikasema siku mbili tu, Mama Neema. Siku mbili zina nini.

Nilikasirika alipoondoka. Nilijiona mimi ndiye ninayeonewa.

Jumamosi, 21 Juni

Baba hayupo.

Niandike kwa mpangilio. Asubuhi Sabina alikwenda msibani, mtaa wa pili. Alisema, "Nyie wawili mbaki hapa mpaka nirudi." Baba alikuwa amelala. Niliona ni nafasi. Mkokoteni ulikuwa umeshafika kuchukua mashine. Niliuzungushia ule uwazi waya mara nyingi, nikavuta na fito nyingine juu yake. Nikaenda kwa Kulwa, nikaenda dukani. Dukani nilikaa. Walikuwa na inveta za aina tatu na nikataka kujaribu zote. Nilikuwa na furaha. Lazima niandike hilo pia. Nilirudi na boksi begani nikiwa na furaha.

Waya ulikuwa umefunguliwa vizuri, umekunjwa, umewekwa juu ya jiwe. Koti lake halipo. Kisu chake, ambacho hampi mtu, nacho hakipo.

Stesheni hayupo. Kituo cha mafuta hayupo. Kanisani hayupo.

Sabina karudi, kaniangalia, kaliangalia boksi. Alivua viatu vya msibani akavaa ndala na kutoka kumtafuta.

Jumapili, 22 Juni

Tangazo kanisani, tangazo msikitini. Watu wametoka wengi, Mungu awabariki. Kulwa amefunga karakana, yuko na pikipiki tangu alfajiri.

Mchana tumepata habari. Dereva wa lori la tumbaku alimpandisha jana barabara ya Tabora. Mzee alimweleza vizuri tu: anakwenda kurina, mdogo wake anamsubiri. Alimshusha alipoomba kushushwa, pale njia inapoingia msituni upande wa Ugalla. Dereva analia kwenye simu. Simlaumu. Baba akiwa amevaa koti, nani angemkatalia.

Tunaondoka sasa hivi.

Jumatatu, 23 Juni

Ugalla. Tumelala kwa katekista. Baridi ya kiangazi, ile inayoingia mifupani. Nilikuwa na blanketi. Nilichukia kuwa na blanketi.

Leo tumepita msituni na watu wa kijiji, tukiita. Miti ya miyombo yote inafanana. Watu hapa wameanza kuchoma majani, kuna moshi kila upande, na kila nikiona moshi nadhani ni yeye anafukiza nyuki. Mzee mmoja anamkumbuka. Anasema Yusto, yaani Baba, alikuwa anapanda mti bila kuvua viatu.

Hatujampata. Nimepiga simu nyumbani. Sabina alipokea, nikasema hatujampata, simu ikakatika.

Jumanne, 24 Juni

Yuko hai.

Warina asali wawili wamempata asubuhi. Alikuwa chini ya mti mkubwa wenye mzinga wa gome juu, mzinga wa mtu mwingine. Alijaribu kupanda. Umri wake ule. Magome ya shina yamechubuka mpaka juu ya kichwa cha mtu, kwa hiyo alipanda, alifika mahali. Halafu akaanguka.

Walikuwa wamempa maji na asali kidogo walipotuita. Midomo imepasuka. Mguu wa kulia umegeuka vibaya. Nilipiga magoti, nikasema, "Baba, ni mimi." Akanitazama muda mrefu kwa adabu, kama mtu anayetafuta namna ya kutomkosea mgeni.

"Mwambieni Fabiani ashike kamba," alisema. "Aliiachia."

Tumembeba kwa machela ya matawi mpaka barabarani. Kila jiwe lilimuumiza na kila alipolalamika aliomba radhi.

Alhamisi, 26 Juni

Hospitali, Mpanda. Nyonga ina ufa. Daktari anasema upasuaji ungekuwa kwenye hospitali ya mbali, na moyo wake si wa safari ndefu wala wa dawa ya usingizi. Alale tu, chali, wiki nyingi. Huenda ikaunga. Huenda isiunge. Alisema yote hayo kwa upole, akaongeza kuwa kwa upande mwingine sasa hatatoroka. Nafikiri alitaka kunifariji.

Nimetoka nje nikaenda kumtafutia Baba uji.

Jumapili, 6 Julai

Tumemrudisha Baba nyumbani leo.

Gari lilipokata kona nililiona. Geti. Limesimama, limepakwa rangi ya kijivu, lina bawaba tatu na komeo. Mabomba ni yale yale niliyoyakata. Kulwa alilichomelea siku ile niliyokuwa msituni, Sabina alimwita. Kazi nzuri. Maungio yamelala sawasawa kama mistari ya mahindi. Alifanya kwa mchana mmoja, kama Sabina alivyosema.

Hatukuweza kulifunga. Machela ilihitaji nafasi, na baada ya hapo hakukuwa na sababu. Limekaa wazi mpaka sasa.

Kulwa alikuja jioni na maziwa. Nilimshukuru. Nilishindwa kumtazama usoni, na yeye, kwa wema wake, alizungumza mpira mpaka alipoondoka.

Jumatano, 9 Julai

Shule imefunguliwa. Nafundisha mito ya Tanzania. Nilipofika Ugalla nikaruka.

Jumamosi, 19 Julai

Namgeuza Baba, namwosha, nambadilishia shuka. Sabina anamlisha. Tumegawana bila kugawana. Tunaongea: chumvi imeisha, leta ndoo, mgeuze huku. Zaidi ya hapo hapana.

Leo nilijaribu. Nilisema nilipaswa kumsikiliza ile Alhamisi aliponiomba. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano.

"Baba Neema, usiniombe msamaha mimi," alisema. "Mimi nina hasira, hasira itaisha. Yeye ndiye anayelala pale."

Halafu akasema uzi ni mbovu siku hizi, unakatika ovyo.

Inveta iko chini ya kitanda chetu, ndani ya boksi lake. Nikilala najua iko pale. Niliwaza kuiuza. Niliwaza kuitupa. Yote mawili ni maigizo tu ya mtu anayetaka kuonekana anaumia.

Ijumaa, 1 Agosti

Daktari kasema Baba aanze kusimama. Mifupa imejitahidi. Asimame akishikilia kitu, kila siku, kidogo, asipate vidonda vya mgongoni. Kidonda kimoja tayari kimeanza, mimi nakiosha, nakijua.

Tumejaribu. Mimi kushoto, Sabina kulia. Anaogopa. Mtu aliyekuwa analala juu ya matawi anaogopa sakafu. Akishika bega langu anaona linatikisika, na kweli linatikisika. Akaomba arudishwe.

Jumamosi, 2 Agosti

Kutoka kitandani kwa Baba mpaka chooni ni ukumbini, kibaraza cha nyuma, halafu uwanja mfupi. Anachohitaji ni bomba la kushika, urefu wa kiuno, njia yote. Lisilotikisika.

Nimetoa boksi chini ya kitanda.

Jumapili, 10 Agosti

Wiki nzima vyuma chakavu. Sijagusa bomba zima. Kila jioni kabla ya giza, vipande vya nondo, naunga, navunja kwa nyundo, naangalia ndani. Mwanzo vilivunjika vyote. Ilionekana nimepaka juu tu, ndani chuma hakijashikana. Nilikuwa naenda haraka, na kijiti nakishika mbali kwa sababu naogopa cheche.

Kulwa kapita. Nilimwuliza, safari hii nikasikiliza. Alinishika kiwiko akakisogeza kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika. "Usiutazame mwanga, ticha. Tazama uji." Kumbe kuna uji, kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka nyuma ya mwanga. Sikuwahi kukiona kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye cheche.

Inveta inafanya kazi. Taa za ndani hazififii. Nilitamani zififie.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimevunja vipande vitatu, cha nne kimekataa. Nimekipiga mpaka nondo imepinda, ungio limebaki.

Sikumwita mtu kumwonyesha. Baada ya muda Sabina akatoka mwenyewe, akakiokota kwa kanga kwa sababu kilikuwa bado cha moto, akakigeuza, akakirudisha chini.

Jumamosi, 23 Agosti

Nguzo zimesimama. Nimezichimbia, nikamwaga zege. Leo nimeunga bomba la juu. Bomba refu linahitaji mtu wa kushika upande wa pili, na nilikuwa nahangaika na matofali na kamba. Sabina akaja, akavaa miwani nyeusi ya Kulwa, akashika. Tumefanya kazi hivyo mpaka jua likazama. Cheche moja ikamtobolea gauni. Akasema, "Si kitu, nashona mimi."

Nikagonga gamba la juu ya maungio, nikasaga kwa msasa kila mahali mkono utakapopita. Nimepitisha kiganja changu mwanzo mpaka mwisho, nimefumba macho. Sehemu mbili zilikwaruza. Nimezisaga tena.

Maungio si mazuri. Yana vinundu. Yanashika.

Jumatatu, 25 Agosti

Baba ana homa. Kifua. Hajala. Padri amekuja kumpaka mafuta ya wagonjwa. Nimeomba ruhusa shuleni.

Jumatano, 27 Agosti

Homa imeshuka kidogo. Amekonda. Namgeuza kwa mkono mmoja sasa.

Jumapili, 31 Agosti

Hatukwenda Misa. Baada ya uji Baba alikaa mwenyewe ukingoni mwa kitanda, akaomba viatu.

Tulimfikisha mlangoni. Aliliona bomba. Hakuuliza ni la nini wala nani kalitengeneza. Alilishika kwa mkono mmoja, akalivuta kuelekea kwake, akaning'inia kidogo kwa uzito wake wote mdogo, kama watu wa msituni wanavyojaribu tawi kabla ya kulipanda. Bomba halikutikisika. Akaweka na mkono wa pili.

Alitembea. Polepole sana, mguu wa kulia akiuburuta. Ukumbini, kibaraza, uwanjani. Kuku wakampisha. Sabina alisimama jikoni na mwiko mkononi, hakusogea.

Alifika mwisho. Bomba linaishia mlangoni mwa choo, sikuwaza kulipeleka mbali zaidi. Alisimama pale. Alitazama mbele, ukutani, ambako hakuna kitu. Halafu akanyoosha mkono wa kulia hewani, akapapasa, akitafuta linapoendelea.

Nikampa mkono wangu. Akaushika. Tukakaa hivyo kidogo, kisha nikamgeuza taratibu, tukarudi ndani.